Giza Lisilovuja

Banda la seremala likiezekwa kwa mabati yaliyotoka kwenye paa jingine, huwa na nyota mchana. Ni matundu ya misumari ya zamani. Jua la Mwandoya likipanda, kila tundu hushusha doa la mwanga, na madoa hayo hutambaa polepole juu ya maranda, juu ya benchi, juu ya mgongo wa fundi aliyeinamia randa. Hakuna anayeyajali. Lakini ukichuchumaa ukayaangalia vizuri utaona jambo la kushangaza: tundu lenyewe limechanika, lina pembe, pengine ni ufa tu, ila doa lililo chini ni la mviringo safi. Halikufuata umbo la tundu. Ni sura ya jua. Tarehe 1 Septemba 2016, siku ambayo watu walifunga safari hadi Rujewa, kule Mbarali, kuliona jua likibaki pete, mapaa mabovu ya bati nchi nzima yalikuwa yanamwaga hilali sakafuni, na wenye nyumba wengi walikuwa nje wakitazama juu.

Al-Hasan ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanyia kazi zake Cairo na kufariki karibu mwaka 1040, aliandika risala nzima kuhusu sura ya jua lililopatwa inavyopita kwenye tundu. Alichokitaka ni chumba chenye giza na kitundu kimoja. Banda la seremala lina matundu mengi mno, kwa hiyo ni kamera mbovu. Ila ni kamera.

Nimekuwa nikilifikiria hilo kila ninapopita Mwandoya, kata ya Wilaya ya Meatu ambako barabara, ng'ombe na pamba ndiyo mazungumzo ya mji, nikiona vitanda vimesimamishwa kandokando ya barabara vikisubiri mnunuzi. Hakuna anayetengeneza kamera pale. Wanatengeneza vitanda, milango, stuli, makabati ya vyombo, na ile meza ndogo ya sebuleni ambayo kila nyumba lazima iwe nayo hata kama haina kazi. Hata hivyo sioni kitu chochote katika kamera ya mbao ambacho mafundi wale hawakijui tayari, isipokuwa kimoja, na hicho kimoja ndicho kilichonifanya niandike.

Kamera, kabla ya kuwa kitu cha viwanda, ilikuwa kazi ya seremala. Mwaka 1835, huko Lacock nchini Uingereza, William Henry Fox Talbot alikuwa na visanduku vidogo vya mbao alivyovitega huku na huku kuzunguka nyumba yake, kila kimoja kikikodoa jicho upande wake. Mkewe, Constance, akaviita mitego ya panya. Miaka minne baadaye kamera ya Daguerre ikaanza kuuzwa Paris, ikiundwa na Alphonse Giroux: sanduku la mbao linaloteleza ndani ya sanduku jingine, basi. Na mwaka 1895 aliyepewa hataza ya mbele ya kamera inayoweza kupanda, kushuka na kuinama alikuwa Frederick Sanderson wa Cambridge, fundi wa makabati na mchongaji wa mbao na mawe, aliyependa kupiga picha za majengo na kuchoshwa na kamera zilizokuwa zinamkatia minara. Hakuwa mwanasayansi. Alikuwa mtu wa patasi aliyekereka.

Tofauti iko wapi basi kati ya kamera na kabati la vyombo? Kabati mteja hulilipia mbao, umbo na mng'ao. Kamera mteja hulipia kitu kilichomo ndani yake, nacho ni giza. Mbao, bawaba, gundi, shaba, vyote vipo ili giza likae palepale mpaka mwenyewe aamue kulifungulia kwa sekunde chache. Seremala anayetengeneza kamera anauza utupu, na utupu huo usiwe na ufa.

Hapo ndipo penye kazi. Maungio ya fanicha hukaguliwa na watu wawili: jicho na kidole. Wote wawili wana huruma. Pembe ya droo ikiacha mwanya, fundi huchanganya gundi na unga wa mbao ileile, anapachika, anapiga msasa, anamalizia kwa vanishi, na mteja anapitisha kidole chake asisikie kitu. Si wizi, kila fundi duniani hufanya hivyo, na kuna anayefanya vizuri kiasi kwamba ule uzibaji wenyewe ni ufundi. Mkaguzi wa tatu wa kabati ni mende. Yeye hana huruma, lakini huja baada ya pesa kulipwa.

Kamera mkaguzi wake ni mwanga, na mwanga hauna uso wa kumwonea fundi haya. Kuna jaribio rahisi. Usiku, taa zikiwa zimezimwa, washa tochi ya simu, iweke ndani ya sanduku, funga kifuniko. Kisha ligeuze taratibu mkononi. Pembe zilizokaa sawa hazionekani kabisa, ni kama hazipo. Pembe ambayo msumeno ulikwenda nje ya mstari kwa unene wa ukucha inatoa uzi mwembamba wa mwanga, mweupe, umenyooka. Unaona hasa mahali mkono ulipochoka. Sijui ukaguzi mwingine wa useremala ulio wa wazi kiasi hicho, na nadhani ungefaa hata kwa mtu asiyekuwa na haja ya kamera maishani mwake.

Uzibaji je? Unga wa mbao na gundi huzuia mwanga vizuri tu, mwaka huo. Halafu msimu unageuka. Mbao ni kitu kinachopumua: masika hunywa unyevu na kutanuka, kiangazi huutoa na kunywea, na hunywea kwa upana, karibu hainywei hata kidogo kwa urefu. Ndiyo maana milango ya zamani iliyotengenezwa na watu wenye akili ina fremu, na ubao wa katikati umeingizwa kwenye mfereji bila gundi, ili ucheze. Anayeugandisha kwa gundi kila upande husikia mlio usiku wa Agosti. Meatu kiangazi ni kirefu na upepo wake ni mkavu kweli. Uzibaji wa mwezi wa nne hautafika wa tisa. Kwa hiyo mwanga hudanganywa, ndiyo, ila kwa msimu mmoja.

Haya yote yanarudisha maneno kwenye mbao, na mbao kule ni habari ndefu. Usukuma huu wa mashariki si nchi ya msitu. Miti ilifyekwa kwa vizazi: kwa kampeni za kumfukuza mbung'o wakati wa ukoloni, kwa pamba, kwa kuni, kwa maboma ya ng'ombe. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, wakati huo maeneo haya yakiwa bado Shinyanga, kabla Mkoa wa Simiyu haujazaliwa mwaka 2012. Na kilichofanikisha mradi ule kuliko miche yote ya vitaluni ni ngitili, desturi ya Wasukuma wenyewe ya kufunga sehemu ya malisho ipumzike. Miti imerudi mahali pengi. Lakini migunga ya ngitili inafaa kivuli, kuni na nguzo, si droo. Mninga unaoonekana kwenye mabanda ya mafundi wa kanda hii hutoka kwenye miombo ya huko Tabora na Katavi, unasafiri kwa lori pamoja na vibali vya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, na alama ya nyundo kwenye ubao, na kila kituo njiani unaongeza bei.

Mninga ungenifaa mimi kwa kamera. Hunywea kidogo sana ukilinganisha na mbao nyingi, hutulia ukishakauka, hauli makali ya randa, na hushika skrubu ndogo bila kupasuka. Mpingo ni mzuri wa kutazama ila ni mzito kiasi cha kuzama majini, na kila anayeuranda hujuta kwanza. Wazungu walipotaka kamera za kutumia nchi za joto walichagua msaji kutoka Burma na India, kwa sababu mafuta yake ya asili huukinga na unyevu na mchwa, na wakaufunga kwa pembe za shaba kwa kuwa hawakuiamini gundi yao kwenye jua letu. Sanderson ilikuwa na toleo lake la aina hiyo. Kamera zile leo hununuliwa ghali na wakusanyaji wanaoziweka kwenye makabati ya vioo, mahali pasipo na joto wala mchwa.

Na jua letu walilijua. Mwaka 1860 James Augustus Grant alipiga picha Zanzibar, miongoni mwa za kwanza kabisa kupigwa pwani hii, akijiandaa kwenda bara na John Hanning Speke. Enzi hizo mpiga picha alilazimika kuipaka dawa sahani ya kioo na kuisafisha ingali mbichi, ndani ya hema la giza. Speke aliandika baadaye kuwa joto la kwenye kijihema kile lingemuua mwenzake upesi, hivyo akamwachisha kamera akamwambia achore. Kwa hiyo nchi za bara, ambako Speke alikuwa ameshapita mwaka 1858 hadi kuliona Ziwa Victoria, zikakosa kupigwa picha kwa sababu ya joto la hema. Giza lilikuwepo. Lililokosekana ni hewa ndani yake.

Walichokuwa nacho Wasukuma na jirani zao Wanyamwezi ni kiti. Na kiti kile ni kinyume kabisa cha kamera, ndiyo maana napenda kuviweka pamoja. Kigoda cha mtemi huchongwa kwa tezo kutoka gogo moja: miguu, kikalio, na kwa baadhi egemeo refu linalopanda juu, vyote vimetoka tumbo moja la mti. Hakuna kiungo, hakuna gundi, hakuna msumari. Makumbusho ya Bujora, karibu na Kisesa ya Mwanza, yaliyoanzishwa na Padri David Clement, yana jumba lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, na ndani zimehifadhiwa ngoma na vitu vya watemi ambao utawala wao ulifutwa kisheria mwaka 1963. Kimoja cha viti mashuhuri vya Wanyamwezi, chenye egemeo refu, kiko Berlin tangu enzi za Wajerumani. Kitu kilichochongwa hakina ndani. Chote ni nje. Hakifichi chochote, na pengine ndiyo maana kilifaa kukaliwa na mtu ambaye kila mmoja alipaswa kumwona.

Sanduku ni jambo jingine. Sanduku lina ndani, na ndani ina mwenyewe. Pwani walilijua hilo mapema: masanduku ya Zanzibar yenye njumu za shaba na vijidroo vya siri, ambamo bibi harusi alitia vitu ambavyo mumewe hakupaswa kuvijua vyote. Huku bara lilikuja sanduku la bati, kisha kabati la kufuli lenye vyeti, risiti za pamba na vitenge vipya. Kutoka gogo lililochongwa hadi mbao zilizoungwa ndiko watu walikopata mahali pa kuweka siri, na seremala akawa mtunza giza wa mtaa bila mtu yeyote kumwambia.

Kuna asubuhi nilimkuta fundi mmoja akikata maungio ya mkia wa njiwa kwenye droo. Ubao mmoja umesimama kwenye jiriwa, mwingine umelazwa juu yake kama kiolezo, na anachora kwa ncha ya kisu, si penseli, kwa sababu mstari wa penseli una unene na msumeno haujui ufuate upande upi. Patasi yake ilifuliwa kutoka springi ya gari. Anakata nusu ya kina kutoka upande huu, anageuza, anamalizia kutoka upande wa pili, mbao isichanike mgongoni. Halafu hajaribu kuyaingiza kwanza. Hilo lilinivutia. Maungio ya aina hiyo huingia mara moja. Ukiingiza na kutoa, kuingiza na kutoa, unayalegeza mwenyewe. Akapaka gundi, akapiga mara tatu kwa nyundo juu ya kipande cha ubao, na sauti ikabadilika kutoka ya kupwaya hadi ya kujaa. Aliisikiliza ile sauti kuliko alivyoangalia.

Mama mmoja akaingia. "Mwangaluka, fundi." "Mwangaluka, mayu." "Kabati langu vipi?" "Bado linakauka, mama." "Linakauka? Kwani umelifua?" Banda zima likacheka, fundi naye. Lakini alikuwa anasema kweli. Mbao ya inchi moja hukauka kwa miezi, si kwa wiki, na mteja wa Mwandoya huja na pesa pamba ikishauzwa, wote kwa pamoja, kila mmoja akitaka kitanda chake kabla pesa haijapotea kwenye mambo mengine. Fundi hana ghala la kulazia mbao mwaka mzima wala mtaji wa kuzinunua kabla ya mteja. Hivyo anaunganisha mbao mbichi akijua fika zitakavyofanya. Mwaka 2016, Rais Magufuli alipotaka shule zote ziwe zimemaliza upungufu wa madawati ifikapo Juni 30, mafundi nchi nzima walifanya kazi usiku na mchana, na mengi ya madawati yale yalikauka yakiwa tayari yamekaliwa na wanafunzi.

Wanaosifia vifaa vya mkono huwa wanakosea hapo. Husema randa na patasi ni polepole na polepole ni uzuri. Si kweli kwa mtu anayelipwa kwa kipande, na mchonga mwiko hukimbiza mkonowe. Fundi wa Mwandoya anatumia randa ya mkono kwa kuwa mashine ya kuranda ni ghali na umeme hukatika. Akipata mashine atainunua, na atakuwa sahihi. Ninachokubali ni kidogo zaidi ya hicho: mkono ukishatembea juu ya ubao na makali yake, unajua nyuzi zinaelekea wapi, fundo liko wapi, unyevu umebaki wapi. Mashine hupita juu ya yote hayo bila kuuliza. Kwa kitanda, haina neno. Kwa sanduku linalopaswa kushika giza kwa misimu kadhaa, yale ambayo mashine haikuuliza ndiyo yatakayofunguka.

Tuseme sasa fundi huyu ameombwa kamera. Ile ya tundu la sindano haina lenzi, na ndiyo ya kuanzia. Sanduku la kina cha sentimita kumi, pembe za mkia wa njiwa. Kifuniko kisikae juu tu. Kikatiwe ngazi kuzunguka, kwa sababu mwanga hunyooka, na ukilazimishwa kukunja kona mbili hufia njiani. Ndani pasipakwe vanishi maana vanishi itang'aa na kurudisha mwanga. Masizi ya sufuria yaliyochanganywa na gundi ya maji yanatosha, yakauke yawe meusi yasiyong'aa. Mbele, kipande cha bati la kopo la soda kilichotobolewa kwa ncha tu ya sindano, isipite shingo, kisha kikasuguliwa kwa msasa laini mpaka tundu liwe kama nusu ya milimita kasoro. Kifuniko cha tundu ni kijibao kinachoteleza. Akitaka kwenda mbele, aweke lenzi, na kioo cha kulengea atakipata kwa kusugua kioo cha dirisha kwa ile dawa ambayo mafundi wa magari husagia valvu. Hapo umbali kati ya lenzi na kioo, na kati ya lenzi na karatasi, lazima uwe uleule, tofauti isifike hata milimita. Kabul walifika mbali zaidi. Mafundi wa kule walitengeneza kamera za mbao za mtaani, kamra-e-faoree, zenye chumba cha giza humohumo: mpiga picha aliingiza mkono kupitia mkono wa shati ulioshonwa ubavuni, akaisafisha karatasi kwa kupapasa, na mteja akaondoka na picha ya kitambulisho.

Kwa kamera yetu ya tundu, karatasi ya picha kwenye jua kali la mchana itahitaji karibu dakika nzima. Dakika ni ndefu kwa uso wa mtu. Studio za karne ya 19 zilikuwa na chuma cha kushikia kisogo cha mteja. Lakini kichwa hakitulii ikiwa kikalio hakitulii: stuli yenye mguu mmoja mfupi itamtingisha aliyeikalia kiasi ambacho yeye mwenyewe hatambui, na karatasi itatambua. Kwa hiyo seremala anakaguliwa mara mbili katika picha moja, kwa sanduku lililo mbele na kwa kiti kilicho nyuma. Kigoda cha gogo moja kingeshinda hapo. Hakijui kutingishika.

Najua jibu la swali la mnunuzi. Kila mtu Mwandoya ana kamera mfukoni, na hakuna atakayeuza debe la mtama ili anunue sanduku linalotoa picha moja kwa dakika. Mnunuzi ninayemwona ni mmoja tu, naye ni shule. Wanafunzi wa fizikia wa sekondari huchora kamera ya tundu la sindano kwenye daftari: mti upande huu, mistari miwili inapishana kwenye tundu, mti uliopinduka upande wa pili. Wengi huichora, huifanyia mtihani na kuimaliza shule bila kuishika. Visanduku vichache vyenye karatasi ya mafuta nyuma badala ya karatasi ya picha havihitaji dawa wala chumba cha giza. Mtoto anajifunika shuka, anaelekeza tundu kwenye mbuyu ulio uwanjani, anauona umesimama kichwa chini, matawi yanacheza. Shule ikitaka kuagiza, iagize mbao zinunuliwe Juni na zilazwe kwenye kivuli, kwa vijiti katikati, mpaka mwaka wa masomo unaofuata. Na malipo ya awali yatoke hapohapo, maana fundi hatazilaza mbao za shule kwa pesa ya vitanda vya watu.